Taa za mapambo madukani: mchango uanze na waya na mita

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini kwako tuseme na wenye maduka wa Darajani, Mchangani na Mkunazini hapa Mjini Unguja, na Manispaa pia, juu ya michango ya taa za mapambo. Ramadhani ikikaribia hamu ya kupamba mitaa hupanda, daftari hupita mlango kwa mlango, na fedha karibu zote huishia kwenye taa zenyewe. Hapo ndipo hesabu inapokwenda kombo. Katika kazi ya nje, taa ndiyo kitu chepesi kuliko vyote. Kinachokula fedha, na kinachoamua kama mtaa utawaka tena mwaka wa pili, ni waya, ukuta wa kushikilia, mita na fundi wa kupanda ngazi taa inapozima.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni huu. Katika kila shilingi 100 zinazochangwa, 35 zinunue taa na maumbo. Arobaini ziende kwenye nyaya, kamba za chuma, masanduku, mita na ufundi. Zinazobaki, 25, ziwekwe kando kwa matunzo ya miaka miwili na zisiguswe hata taa zikipatikana kwa bei ya kutupa. Kamati ikiona akiba hiyo haiwezekani, ipunguze urefu wa mtaa utakaopambwa. Mita 60 zinazowaka zote zinapendeza kuliko mita 200 zenye mapengo.

Tuanze na taa, maana ndizo zinazogombaniwa. Zile nyuzi za plastiki nyembamba zinazouzwa kwa fungu zimetengenezwa kwa ndani ya nyumba. Ganda la waya wake hukauka kwa jua na kupasuka, na nyingi zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikifa zinazimika kundi zima. Mvua za masika zikipita juu yake mara moja, basi. Kinachofaa ni waya mweusi wa mpira wenye vishikio vya balbu vilivyofungwa kiwandani, kila nusu mita au kila mita moja, na balbu za LED za wati 1 zinazofunguka kwa mkono. Kiwango cha kuzuia maji kiandikwe IP65. Iliyoandikwa IP44 inahimili mvua ya kurushwa, lakini chumvi ya pepo za kusi na kaskazi itaingia tu.

Rangi nayo si jambo la kupuuza pahala panapouzwa nguo na dhahabu. Mwanga mweupe wa buluu, ule wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), unafaa kwenye meza ya samaki. Kwenye ukuta wa chokaa na kwenye kanga tafuteni kelvini 2700 hadi 3000, na kipimo cha uhalisi wa rangi, kinachoandikwa Ra kwenye boksi, kisipungue 80. Chini ya hapo nyekundu ya kanga inaonekana kahawia, na mteja anarudi kesho yake kubadilisha. Nunueni balbu za ziada, 10 kwa kila 100, siku hiyohiyo na kutoka shehena hiyohiyo. Balbu ya mwakani, hata ikiwa na namba ileile, huwa na weupe wake mwenyewe.

Sasa umeme. Mtaa wa mita 60 wenye balbu kila nusu mita una balbu 120, sawa na wati 120. Kwa volti 230 hiyo ni nusu ampia tu, na waya wowote halali unaihimili. Lakini katika vichochoro ambako mtu wa ghorofani akinyoosha mkono anaushika waya, na ambako nguo huanikwa dirishani, sisi hatushauri volti 230 kabisa. Hapo tumieni volti 24 kupitia transfoma iliyomo ndani ya sanduku lisiloingia maji. Ubaya wake ni kwamba wati zilezile 120 sasa zinakuwa ampia 5, na waya unaanza kula umeme njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukilishwa kutoka mwisho mmoja, unapoteza volti 3.6 hivi hadi kufika balbu ya mita ya 60. Balbu za mwanzo zinang'ara na za mwisho zimefifia kama zina homa. Wengi hukimbilia kununua waya mnene zaidi, nao ni ghali. Dawa ya bei nafuu ni kuweka transfoma katikati ya mtaa na kulisha pande mbili. Upotevu unashuka hadi robo, chini ya volti moja, kwa waya uleule.

Kila mtaa uwe na sakiti breka yake, na juu yake kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kifaa hiki kisirukwe kwa hoja kwamba "kinakatakata ovyo mvua ikinyesha". Kikikata mvua ikinyesha, kimeona maji ndani ya kishikio au ndani ya sanduku, na kazi ya fundi ni kuyatafuta. Maji huingia kwa njia zinazojulikana: sanduku lililotobolewa juu badala ya chini, waya ulioingizwa bila kushushwa kidogo kwanza ili maji yadondokee nje, balbu iliyofungwa bila kukaza washa yake ya mpira, au kishikio kilichoelekezwa juu kwa sababu ya urembo. Kitako cha balbu kipakwe grisi ya silikoni kabla ya kufungwa. Bila grisi, kutu ya kijani hushika baada ya miezi michache, mguso unakuwa mbovu, unapata moto, na plastiki inayeyuka.

Umeme ukikatika na kurudi huja kwa kishindo, na transfoma za taa ndizo za kwanza kufa. Kizuia mruko wa umeme kifungwe ndani ya sanduku, mwanzo wa laini. Ukilinganisha bei yake na ya transfoma tatu, utaona hakuna la kujadili.

Ukuta ni somo jengine. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni laini. Bolti za kutanuka, zinazoshika vizuri kwenye zege, huupasua ukuta wa namna hii, na kuziba ufa kwa saruji kunafungia unyevu ndani hadi lipu itoke vipande vipande. Mzigo wenyewe nao hukadiriwa vibaya. Kamba ya chuma inayovuka mtaa wa mita 8, ikibeba nusu kilo kwa kila mita, ikiachwa ilegee sentimita 20 katikati, inauvuta kila ukuta kwa nguvu ya kilo 20. Fundi akitaka inyooke vizuri, akaikaza hadi ulegevu ubaki sentimita 10, mvuto unakuwa kilo 40. Kwa hiyo iacheni ilegee. Shikizo lifungwe pahala penye jiwe, si kwenye kiungo cha chokaa, na penye mashaka tumieni bamba linalogawa mzigo kwenye mashimo manne badala ya moja. Milango ya kuchonga, boriti za baraza na mbao za roshani hazifungwi kitu, hata msumari mdogo.

Waya wa umeme usibebe uzito wake mwenyewe. Kamba ya chuma isiyoshika kutu ya milimita 4 ndiyo ibebe, na waya ufungwe juu yake kila sentimita 50. Vifungio vya plastiki viwe vyeusi vya kuhimili jua, maana vyeupe hukatika kabla ya mwaka. Chuma kiwe cha daraja la 316. Lile la 304 linang'aa vilevile dukani, lakini karibu na bahari linaanza madoadoa ya kutu. Pale bolti ya chuma inapogusa bamba la alumini, wekeni washa ya nailoni katikati, la sivyo chumvi itaitafuna alumini.

Urefu kutoka chini: barabara inayopita magari, mathalan Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, si chini ya mita 5.8, kwa sababu ya malori na gari la zimamoto. Kwenye vichochoro mita 3.5 zinatosha. Kumbukeni tu kwamba hamali hupita na kabati kichwani, na kabati hilo halitazami juu. Nguzo za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, zisifungwe chochote bila ruhusa ya maandishi. Nguzo imepimwa kwa mzigo wake, na fundi wa shirika anayepanda usiku kurejesha umeme hapaswi kukutana na waya wa mtu asiyemjua.

Juu ya maumbo tuna neno moja. Mwezi na nyota vinapendeza Ramadhani na Sikukuu, halafu vinashushwa, vinatupwa stoo, na mwakani nusu yake vimevunjika. Kila kupandisha na kushusha ni siku ya fundi na ngazi. Umbo lisilo na msimu, kama ile korosho ya kwenye kanga, linaweza kubaki juu mwaka mzima: Ramadhani, Mapinduzi ya Januari 12, na msimu wa wageni wa Julai na Agosti. Fremu iwe ya nondo nyembamba iliyo wazi, upana usiozidi mita moja na uzito usiozidi kilo 4. Isivishwe kitambaa wala bati, kwa sababu upepo wa kusi utaigeuza tanga.

Mita sasa, na hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Njia ya mkato ni kuchomeka taa kwenye duka la mmoja wao kwa ahadi kwamba atafidiwa. Mwezi wa kwanza anafidiwa. Mwezi wa tatu anazima swichi akifunga duka, na mtaa mzima unakuwa kiza. Ombeni mita ya TUKUZA, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa jina la kamati, iliyofungwa na fundi mwenye leseni wala si kishoka, kwenye sanduku lenye funguo mbili. Kuwasha na kuzima kufanywe na foto seli, kijicho kinachohisi giza, pamoja na taima, mtu asihusike. Matumizi yenyewe hayatishi. Balbu 300 za wati 1, zikiwaka kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 5:30 usiku, zinatumia uniti 1.5 kwa usiku, yaani uniti 45 kwa siku 30. Zingekuwa balbu za kizamani za wati 15, ingekuwa uniti 675. Zidisheni kwa bei ya uniti ya siku hiyo, ongezeni saa za kumi la mwisho la Ramadhani ambapo maduka hukesha, na uniti za miezi mitatu zilipwe mbele.

Wapo wanaosema tuweke sola, kwa kuwa wanakumbuka Unguja ilivyokaa bila umeme Mei na Juni 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini tangu 2013 kuna waya wa pili wa chini ya bahari, wa megawati 100. Sola kwa balbu hizo 300 inataka betri tatu za asidi za volti 12, ampia-saa 100 kila moja, na paneli za wati 500 hivi zinazopata jua wazi. Jua hilo halifiki kwenye kichochoro, na paneli juu ya mapaa ya Mji Mkongwe zina masharti yake. Betri nazo, kwa joto letu, baada ya miaka miwili au mitatu zinadai kubadilishwa. Kwa mapambo, sola haina faida. Kwa taa chache za usalama kwenye ngazi na kona, ndiyo.

Tuje kwenye kukusanya fedha. Mchango wa sawa kwa sawa unaonekana wa haki kwenye kikao, lakini unamwumiza mwenye duka la mlango mmoja na kumpendelea mwenye milango mitano. Kiasi cha mauzo hakuna atakayekitaja, na hatumlaumu. Kipimo kisichobishaniwa ni upana wa duka mbele ya mtaa, kwa sababu kila mtu anaweza kuupima kwa utepe. Tuseme mradi ni shilingi milioni 12 na pana zote za mbele zikijumlishwa ni mita 240. Kila mita inachangia 50,000. Duka la mita 3 linadaiwa 150,000, na likilipa kwa miezi kumi ni 15,000 kwa mwezi. Duka la pembeni lenye nyuso mbili lihesabiwe upande mrefu mzima na nusu ya ule mfupi. Ofisi na nyumba za wageni za ghorofani zilipe nusu. Wenye meza na wachuuzi waachwe. Hao ndio wa kwanza kuhamishwa mtaa ukipendeza, haifai kuwatoza kwa hilo.

Mpangaji na mwenye nyumba nao watenganishwe. Balbu na uniti ni za mpangaji, anayezifaidi leo. Mashikizo na kamba za chuma zinabaki kwenye jengo hata mpangaji akihama, kwa hiyo mwenye nyumba achangie sehemu hiyo. Nyumba nyingi Mjini ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Shirika la Nyumba, na hata kama taasisi hizo hazitatoa senti, kibali chao cha kutoboa ukuta ni lazima kipatikane mwanzo. Ndani ya Mji Mkongwe kipatikane pia kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kinachoning'inizwa usoni mwa jengo ni sehemu ya kile kinacholindwa. Barua iende na mchoro unaoonesha kila shikizo, hata kama umechorwa kwa mkono. Na kwa kuwa swali hili huulizwa: zaka isiguswe kwa kazi hii. Zaka ina makundi yake manane ya watu, na mtaa hauhesabiwi miongoni mwao.

Kubwa zaidi ni yule asiyetoa. Mwanga hauwezi kumrukia, atafaidi sawa na waliotoa, na mwakani jirani yake atauliza kwa nini atoe yeye. Tatizo hili si la Zanzibar pekee. London, taa za Regent Street zilianza mwaka 1954 na za Oxford Street mwaka 1959 kwa michango ya vyama vya wenye maduka, na katika miaka ya 1970 zilikatika kwa kukosa fedha. Mtaa mmoja wa maduka wa Toronto, Canada, unaoitwa Bloor West Village, ulipata njia mwaka 1970: wafanyabiashara wakikubaliana, kila aliyemo ndani ya mpaka wa eneo analipa, jiji linakusanya pamoja na kodi yake na kuzirejesha fedha kwa bodi yao wenyewe. Uingereza iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2003. Kwanza hupigwa kura, na lazima wanaounga mkono wawe wengi kwa idadi na pia kwa thamani ya majengo yao, na muda wake hauzidi miaka mitano bila kura nyengine.

Manispaa inaweza kulichukua hilo na kulipima: tozo ndogo inayokusanywa pamoja na leseni ya biashara, kwa mtaa ulioomba wenyewe kwa kura, ikiingia akaunti ya kamati wala si mfuko mkuu. Neno "ulioomba wenyewe" lisidondoke. Tozo ikishushwa kutoka juu itahesabiwa kodi nyengine, na taa zitachukiwa kabla ya kuwashwa. Kabla haijafika huko, mkataba wa maandishi mbele ya sheha unatosha kuanzia, wenye jina, upana wa duka, kiasi na tarehe za kulipa. Akaunti iwe na watia saini watatu, na mmoja wao asiwe mwenye duka. Kila mwezi karatasi ibandikwe: kilichoingia, kilichotoka, uniti zilizonunuliwa. Orodha iwe ya waliolipa. Ya wasiolipa msiibandike, italeta uhasama na haitaleta fedha.

Wafadhili wakubwa, kama kampuni za simu, benki na mahoteli, wakaribishwe kwa masharti mawili. Watoe fedha taslimu na si maboksi ya taa, kwa sababu taa za zawadi huja na vitako tofauti na volti tofauti na haziungiki na zilizopo. Na jina lao likae kwenye kibao kimoja cha sentimita 30 kwa 40 mwanzo wa mtaa. Wakitaka jina liwake juu ya vichwa vya watu, hilo ni tangazo, na tangazo lina bei yake na kibali chake.

Tarehe zipangwe kurudi nyuma. Ramadhani husogea mapema kwa siku 11 hivi kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia kaskazi, baada ya vuli. Vifaa vya kuagizwa hupita baharini na bandarini, wekeni miezi mitatu. Vibali anzeni kuviomba kabla ya kuagiza, na michango ianze kabla ya vibali. Mashikizo yafungwe Oktoba, kabla vuli haijakolea, kwa sababu grauti, ule uji wa kujazia shimo la shikizo, haishiki vizuri kwenye ukuta uliolowa. Majaribio ya usiku mzima yafanyike wiki tatu kabla ya mwezi kuandama, na kila sanduku limwagiwe maji kwa mpira huku umeme ukiwa umezimwa, kisha umeme uwashwe kuona kama kifaa cha kukata kitakata. Baada ya hapo fundi apite mara tatu kwa mwaka: kabla ya masika, baada ya masika, na mwezi wa Shaaban. Kila mara afute chumvi kwa kitambaa na maji baridi, akaze klempu, abonyeze kitufe cha kujaribia cha kifaa cha kukata umeme, na aandike kwenye daftari linalokaa ndani ya sanduku la mita balbu ngapi amebadilisha na kwenye nyumba ipi.

Mafundi umeme na wenye maduka,
Mjini Unguja